Tunaogopa faili, tunasahau kinacholifungua

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam, na safari hii umepita kamati za harusi, vikoba na hata magrupu ya wazazi wa shule. Unasema kuna picha zitatumwa, usizifungue, ukizifungua tu simu yako inadukuliwa ndani ya sekunde 10 na hakuna fundi atakayeiponya. Mwisho wake ni uleule wa siku zote: wajulishe ndugu na jamaa. Mwaka 2023 ulizunguka dunia nzima kwa kisingizio cha tetemeko la ardhi la Morocco, faili likitajwa kwa jina la Seismic Waves CARD, na tangu hapo umekuwa ukibadilishwa nguo tu. Kila unapotua, watu hugawanyika vilevile. Wengine wanafuta kila picha iliyoingia siku hiyo. Wengine, mara nyingi kijana wa grupu anayejua kompyuta, wanajibu kwa kujiamini kwamba picha ni data, na data haiwezi kuwa na virusi. Baada ya hapo mada inahamia kwenye michango na kila mtu anabaki na imani yake, bila swali lenyewe kujibiwa: je, faili la data, yaani linalobeba picha, maandishi au sauti tu, linaweza kuambukizwa kirusi?

Mimi naona wote wawili wanatazama mahali pasipo. Faili la data halijiendeshi, na katika hilo yule kijana ana msingi. Ila hakuna faili linalosomeka hewani. Kila moja linasomwa na programu fulani, na programu hiyo ndiyo inayoweza kudanganywa. Ukitaka kujua picha, waraka au wimbo una hatari gani kwako, uliza unafunguliwa na nini, hicho kinachoufungua kilitengenezwa lini, na kimeruhusiwa kufanya nini ndani ya simu au kompyuta yako. Tukianzia hapo, mengi tunayoyafanya mjini kwa jina la kujikinga yanageuka kuwa hasara tupu, na mengi tusiyoyafanya ndiyo yenye kinga.

Turudi nyuma kidogo. Fred Cohen, Mmarekani aliyeandika juu ya jambo hili katikati ya miaka ya 1980, alieleza kirusi cha kompyuta kuwa ni programu inayoweza kuambukiza programu nyingine kwa kuingiza nakala yake ndani yake. Masharti ni mawili: lazima kirusi kiendeshwe, na lazima kipate mahali pa kujinakili ambapo nacho kitaendeshwa tena. Brain, kirusi cha mwaka 1986 kilichotengenezwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, kilitimiza yote mawili kwa kukaa kwenye eneo la mwanzo la disketi, lile ambalo kompyuta hulisoma inapowashwa. Picha haina sehemu ya namna hiyo. Ukichukua nakala ya kirusi ukaibandika katikati ya picha ya mwanao, itaonekana kama doa, au picha itagoma kufunguka, basi. Perrun ya mwaka 2002, iliyotangazwa kuwa kirusi cha kwanza cha picha za JPEG, ilithibitisha hilo: ilijibandika kweli kwenye picha, lakini picha ile ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine haikufanya chochote mpaka pawepo programu maalumu ya kuuchomoa ule mzigo na kuuendesha.

Tatizo ni kwamba mpaka kati ya data na programu haumo ndani ya faili lenyewe. Tangu John von Neumann alipoeleza mwaka 1945 mashine inayoweka maelekezo na data kwenye kumbukumbu moja, kompyuta zetu zimejengwa hivyo, na ndani ya kumbukumbu vyote ni namba. Kuna faili dogo la majaribio liitwalo EICAR ambalo linalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Lina herufi 68, zote za kawaida za kwenye kibodi, na mtu mwenye subira anaweza kuziandika mwenyewe ndani ya Notepad, programu ya Windows ya maandishi matupu. Ukilipa jina linaloishia na .txt, unaona mstari mmoja wa herufi usioeleweka. Herufi zilezile zikipewa jina linaloishia na .com kwenye kompyuta ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, zinakuwa programu kamili: inaandika mstari mmoja kwenye skrini, inamaliza kazi yake. Hakuna baiti hata moja, yaani nafasi ya herufi moja, iliyobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni nani amekabidhiwa azisome. (Faili hilo halina madhara; limetengenezwa ili watu wapime kama antivirusi zao ziko macho.)

Sasa tupime hoja ya yule kijana, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ilianza kupasuka mwaka 1995, kirusi kiitwacho Concept kilipoenea kupitia nyaraka za Word. Waliotengeneza Word walikuwa wameruhusu waraka ubebe ndani yake programu ndogo, makro, ili ofisi zirahisishe kazi za kujirudia. Waraka ukawa data na programu kwa pamoja, na kirusi kikapata mlango halali. Machi 1999 Melissa alipita mlango huohuo: ukifungua waraka, unajituma wenyewe kwa anwani 50 za kwanza kwenye orodha yako ya Outlook, programu ya barua pepe. Hapa jibu la swali liko wazi, waraka wa kawaida uliambukizwa na ukaambukiza nyaraka nyingine. Microsoft walikuja kuzuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti bila mtumiaji kuombwa chochote mwaka 2022, miaka 27 baada ya Concept.

Mtu anaweza kusema makro ni kighairi, kwa kuwa waraka wa namna ile si data halisi. Sawa, basi tuchukue picha. Mwaka 2004 Microsoft walitangaza kasoro katika sehemu ya Windows inayochora picha za JPEG, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu ni hesabu ya darasa la tatu. Ndani ya picha ya JPEG mtengenezaji anaweza kuacha maelezo ya maandishi. Maelezo hayo hutanguliwa na namba inayosema urefu wake, na namba hiyo hujihesabu na yenyewe, baiti mbili, kwa hiyo haiwezi kuwa chini ya 2. Programu ya Windows ilichukua namba, ikatoa 2, ikapata urefu wa maelezo. Haikukagua kwanza. Ukiandika 0 mahali pale, hesabu inakwenda chini ya sifuri, na kwa kuwa programu haikutegemea namba hasi, inaisoma kuwa zaidi ya bilioni 4. Inaanza kunakili data nyingi kupita nafasi iliyotengwa, inafunika sehemu za kumbukumbu zisizo zake, na aliyeipanga ile picha kwa ustadi anaweza kufanya yale yaliyofunikwa yawe maelekezo yake. Ni sawa na karani wa malipo anayesoma barua kwa sauti kisha, kwa kupitiwa, akaanza kuitekeleza. Barua haikuchota fedha yoyote. Karani ndiye aliyechota.

Simu hazikusalimika. Septemba 2021 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza shambulio walilolipa jina FORCEDENTRY, lililotumiwa kupandikiza programu ya ujasusi ya Pegasus kwenye simu za iPhone. Mafaili yalikuja yakiwa na jina la picha za .gif, ila ndani yalikuwa PDF, na mwenye simu hakutakiwa kubofya kitu. Watafiti wa Google walipolichambua walikuta zaidi ya amri 70,000 za kuchora zimepangwa hadi zikawa kama kompyuta ndogo ndani ya picha. Miaka miwili baadaye, Septemba 2023, ikawa zamu ya picha za WebP: kasoro ilikuwa kwenye maktaba moja ya programu, yaani msimbo wa pamoja, inayotumiwa na Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi, zote zikalazimika kurekebishwa kwa mpigo.

Wapo wanaojifariji kwamba WhatsApp huibana kila picha na kuitengeneza upya, hivyo uchafu wote hubaki njiani. Hoja hii nimeisikia kwa mafundi wazuri kabisa, na inasahau kwamba kubana huko kunafanywa na simu ya anayetuma. Ujumbe ukishafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, seva ya katikati haiwezi kuufungua iusafishe. Mshambulizi mwenye programu aliyoichezea atatuma anachotaka.

Je, basi ule ujumbe wa sekunde 10 una ukweli? Hapana, na sababu si kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Kwanza, picha za namna hii haziambukizani. Picha iliyoandaliwa kwa ajili ya shambulio haigeuzi picha nyingine za simu yako kuwa kama yenyewe. Ni silaha iliyotengenezwa mara moja kwa ajili ya programu fulani, mara nyingi kwa toleo fulani la programu hiyo. Pili, silaha mpya ni ghali mno. Mwaka 2019 kampuni ya Zerodium, iliyokuwa ikinunua kasoro za namna hii, ilitangaza kuwa tayari kulipa hadi dola milioni 2.5 kwa njia ya kuingia kwenye simu ya Android bila mwenyewe kugusa kitu. Mali ya bei hiyo huelekezwa kwa waandishi wa habari, wanaharakati na viongozi, haimwagwi kwenye grupu la michango ya send-off. Tatu, na hapa ndipo pa kukaa macho, bei hiyo haidumu. Kasoro ikisharekebishwa na maelezo yake kutolewa hadharani, kila mwenye ujuzi anaweza kuijifunza. Aliyesasisha simu yake yuko salama nayo. Asiyesasisha amebaki na mlango ambao ufunguo wake sasa unachongwa na yeyote.

Nimalizie na wanaosambaza onyo lile, kwa hoja yao dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayosikika zaidi: hata kama si kweli, tahadhari haidhuru. Inadhuru sana. Onyo la uongo linafundisha watu kuogopa kitu kisichotambulika na kuamini kitu kisichotambulika, maana aliyeandika hana jina na faili halina alama yoyote ya kulijua. Aliyepokea maonyo kumi ya namna hiyo hawezi kulitofautisha la kumi na moja likija la kweli. Tumekwisha kuliona hili: mwaka 1994 barua pepe ya Good Times ilitisha watu kwamba kusoma tu ujumbe kungefuta diski nzima, wataalamu wakaifundisha dunia kwamba kusoma barua pepe hakuwezi kuleta kirusi, na kufikia Novemba 1999 BubbleBoy akaja, aliyeendeshwa kwa kuutazama tu ujumbe ndani ya Outlook. Uongo wa kwanza ulizaa somo ambalo baadaye liliwaangusha waliolishika.

Na madhara ya woga usio na mahali nimeyaona kwa macho. Katika steshenari moja jirani na Mlimani, msimu wa kukusanya tasnifu, mwanafunzi alichomeka flashi yake ili achapishe. Mafolda yote yakatokea na kimshale kidogo pembeni, yamekuwa shotikati, yaani vijialama vya kufungulia kitu kilichoko kwingine. Kijana wa dukani akamwambia mafaili yameshaliwa na virusi, yakiachwa yataambukiza mashine zote, dawa ni kuformati, yaani kuisafisha flashi yote. Yule binti akakubali huku mikono ikimtetemeka. Nilikuwa kwenye foleni, na kabla sijafika mezani kazi ilikuwa imekwisha. Flashi ya GB 8 ilikuwa inaonyesha zaidi ya GB 5 zimejaa, wakati zile shotikati zote kwa pamoja hazikufika hata MB 1. Tasnifu yake ilikuwa ndani, nzima, haijaguswa.

Kirusi kile cha shotikati, ambacho sidhani kama kuna mtumiaji wa flashi mjini hajakutana nacho, hakigusi ndani ya mafaili yako. Kinayawekea alama ya kufichwa, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, shotikati inaendesha kirusi kwanza halafu inakufungulia folda lako halisi, usishtuke. Amri moja ya Windows, attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na herufi ya flashi, nukta mbili, mkwaju wa nyuma (\) na *.*, inayarudisha mafaili yaonekane. Unafuta zile shotikati na faili la kirusi, yakaisha. Hata baada ya kuformati kwa haraka bado zipo programu za kurejesha, mradi flashi isiandikwe kitu kipya. Lakini tazama kilichobaki palepale dukani: kama ni kompyuta ya steshenari yenye kirusi, flashi iliyoformatiwa itapakwa tena ikichomekwa mara ya pili. Data ya mwanafunzi imeadhibiwa, programu yenye kosa imeachwa ikiendelea na kazi. Makosa haya yanafanana na ya wale wanaofuta mafaili yaliyofungwa na programu za kudai fidia. Faili lililofungwa kwa ufunguo haliambukizi chochote, lihifadhi. Mradi wa No More Ransom ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama hutoa funguo bure kwa baadhi ya aina hizo.

Yapo pia mafaili mengi ambayo si data kabisa, yamevaa jina la data. ILOVEYOU ya Mei 2000, iliyoanzia Ufilipino, ilikuja kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows huficha herufi za mwisho baada ya nukta, watu waliona .TXT wakadhani ni maandishi. Mpaka leo Windows inaficha. Mwaka 2024 polisi nchini India waliwaonya wananchi juu ya kadi za harusi zinazotumwa WhatsApp ambazo kumbe ni mafaili ya APK, yaani programu za Android. Kwa mji kama wetu, ambako kadi ya mwaliko na namba ya kuchangia hupokelewa kwenye simu, hila hii haihitaji dola milioni mbili. Kadi ya kweli inafunguka ikaonekana. Inayokuomba ruhusa ya kusakinisha, kisha ruhusa ya kusoma SMS zako, inataka zile namba za siri za muda ambazo benki hukutumia. Kwenye kompyuta kipimo ni rahisi vilevile: fungua faili unalolishuku ndani ya Notepad bila kulibofya mara mbili. Programu ya Windows huanza na herufi MZ, za Mark Zbikowski aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. PDF ya kweli huanza na %PDF. Barua ya kuitwa kwenye usaili inayoanza na MZ si barua.

Haya yote yananipeleka kwenye jambo ambalo sisikii likisemwa vya kutosha. Dar es Salaam wasomaji wa mafaili yetu, yaani programu zinazoyafungua, ni wazee. Ofisi ngapi zinatumia Windows ya kukraki iliyozimiwa masasisho ili isigundulike? Steshenari ngapi bado ziko kwenye Office 2010, ambayo Microsoft waliacha kuirekebisha Oktoba 2020? Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Novemba 2017 iligundulika kasoro katika kijisehemu cha Office cha kuandikia milinganyo ya hisabati, kilichokuwa kimetengenezwa mwaka 2000: waraka ukifunguliwa tu, bila makro, mshambulizi anaingia. Kwa miaka iliyofuata kasoro hiyo iliendelea kuwa miongoni mwa zinazotumiwa sana duniani, kwa sababu tu ofisi nyingi hazikusasisha. Kompyuta ya namna hiyo haina haja ya kuogopa picha za tetemeko; waraka wowote wa wasifu wa mwombaji kazi unaitosha.

Na ni kompyuta hizohizo tunazozikabidhi vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na matokeo ya kidato cha nne ziviskani na kuvipandisha kwenye mfumo wa maombi ya ajira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sioni namna ya kuitimiza kwa mashine ambayo haijasasishwa miaka mitano, hata kama ukutani pamebandikwa tangazo kwamba flashi zote zinaskaniwa. Naelewa hoja ya gharama. Leseni ya Windows kwa duka linalotoza shilingi mia kwa ukurasa ni mzigo kweli. Lakini LibreOffice, ya kufungulia nyaraka, ni bure, Linux, mfumo mbadala wa Windows, ni bure, na kuwasha masasisho ya Chrome hakugharimu zaidi ya bando. TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ingefanya jambo kubwa kama kila ujumbe wa sekunde 10 ungejibiwa siku hiyohiyo kwa Kiswahili kifupi cha WhatsApp, ukitaja toleo gani la programu lina kasoro na linarekebishwaje.

Kwenye simu nako ni vivyo hivyo. Simu nyingi za bei nafuu hupata marekebisho ya usalama kwa miaka michache, na zile za mtumba tunazozinunua Kariakoo huenda zimeshavuka muda huo kabla hazijapanda meli. Android za miaka ya karibuni zinaonyesha kwenye mipangilio, chini ya maelezo ya simu, tarehe ya marekebisho yake ya mwisho ya usalama. Mnunuzi wa mitaa ya Aggrey na Msimbazi anauliza gigabaiti, anauliza betri, anaikagua kamera kwa kujipiga picha palepale dukani. Wauzaji waiandike na tarehe hiyo kwenye boksi, karibu na bei.